Kibanda cha Jezi za Kikapu, Soko la Memorial, Moshi

Mtu anayetafuta jezi ya mpira wa kikapu mjini Moshi hana mahali pengi pa kwenda. Maduka ya vifaa vya michezo ya katikati ya mji yamejaa jezi za Simba, Yanga na klabu za Uingereza, na ile ya kikapu ikipatikana huwa ni ya Lakers au Chicago Bulls, mpya lakini nyepesi, yenye maandishi yanayobanduka baada ya kufuliwa mara chache. Ndiyo maana wengi wetu tunaofundisha mchezo huu mashuleni huishia Memorial, kwenye mitumba, na ndani ya Memorial huishia kwenye kibanda kimoja ambacho mwenyewe hajakiwekea kibao, ila wachezaji wanakijua kwa ule waya mrefu wa jezi unaoning'inia juu ya meza ya makoti. Ninakiona kuwa kibanda bora cha aina yake hapa mjini. Ninakiandikia pia kwa sababu bidhaa zake zina thamani ambayo mnunuzi ataikosa asipojua jinsi ligi ya kulipwa ya Marekani, NBA, ilivyokua tangu 1946.

Mwenye kibanda ni kijana tunayemwita Mangi, kama wanavyoitwa wenye maduka wengi hapa Moshi. Hufungua belo za nguo za michezo zinazotoka Dar es Salaam, na kinachomtofautisha na majirani zake ni kwamba wao humwaga kila kitu mezani mteja akapekua mwenyewe, ilhali yeye hukaa na belo mpaka amalize kuichambua: mpira wa miguu kando, riadha kando, kikapu kando, kisha zile za kikapu huzitenga tena kwa ushonaji wake. Zenye namba na majina ya kushonwa hutundikwa kwenye waya, zilizochapwa hukunjwa na kupangwa mezani, na zilizochanika kwapani au kupauka huwekwa kwenye rundo la chini ambako mtu huokota kwa shilingi elfu mbili. Za mezani ni elfu saba hadi elfu kumi. Za kwenye waya huanzia elfu ishirini na tano, na mteja mwenye subira huweza kumshusha hadi elfu kumi na nane, si chini ya hapo. Nilipowahi kumwekea elfu kumi na mbili mkononi kwa jezi ya kushonwa, alinirudishia kwa adabu: “Mwalimu, ya mezani nitakupunguzia, lakini hiyo ya kushonwa usiniumize.” Naiona bei yake kuwa ya haki, kwani jezi ya kushonwa ikitunzwa vizuri inawapita vijana wawili watatu wa timu ya shule kabla ya kuchoka, na ile ya dukani haimalizi msimu.

Jezi iliyonifanya nikithamini kibanda hiki ni ya Seattle SuperSonics, ya kijani na dhahabu, yenye jina la Kevin Durant na namba 35 mgongoni. Niliishika kwa muda mrefu. Namba zimekatwa katika tabaka mbili za kitambaa, moja juu ya nyingine, na mshono wake wa zigizaga umefuata ukingo bila kuruka. Chini kwenye pindo la kushoto kuna lebo ya mtengenezaji yenye ukubwa wa nguo. Kifuani kuna mistari mitatu ya Adidas. Kampuni hiyo ilianza kuzivalisha timu zote za NBA mwaka 2006, na Durant aliichezea Seattle msimu mmoja tu, ule wa 2007-08, kabla ya timu kuhamishiwa Oklahoma City na kuitwa Thunder. Jezi ya namna hiyo ilitengenezwa kwa kipindi kifupi mno, na sasa iko Moshi, imetundikwa kati ya Bulls na Lakers, kwa bei ileile ya jirani zake.

Msomaji aliyezoea ligi zetu za mpira wa miguu atadhani Seattle ilishuka daraja. La hasha. Katika NBA hakuna kupanda wala kushuka daraja. Timu inayoshika mkia msimu huu itaanza msimu ujao kwenye ligi ileile, dhidi ya wapinzani walewale, kwa sababu nafasi ya kushiriki ni mali ya mmiliki, aliyoinunua au kuuziwa na mwenzake kwa idhini ya wamiliki wengine. SuperSonics iliingia ligini mwaka 1967 na ikatwaa ubingwa mwaka 1979. Mwaka 2006 iliuzwa kwa dola milioni 350 kwa wawekezaji wa Oklahoma City waliokuwa wakiongozwa na Clay Bennett, ukafuata mvutano kuhusu nani angegharamia ukumbi mpya, na mwaka 2008 pande mbili zikamaliza kesi kwa makubaliano kwamba Jiji la Seattle lilipwe dola milioni 45 na libaki na jina na rangi za timu. Jiji lenye timu kwa zaidi ya miaka arobaini likabaki na jina na rangi, na wachezaji wakaondoka. Huo ndio upande mchungu wa mfumo uliofungwa, na mimi siupendi. Klabu ambayo wazee na watoto wa mji wameilea haipaswi kuhama kama anavyohama mpangaji.

Hata hivyo, mfumo huo haukuanza ukiwa na nguvu hizo. Ligi iliyozaa NBA, iliyoitwa BAA, iliundwa Juni 1946 na wamiliki wa kumbi kubwa waliotaka kujaza viti siku ambazo hakukuwa na mchezo wa magongo wa barafuni. Ilianza na timu 11, na mchezo wake wa kwanza ulichezwa Toronto tarehe 1 Novemba 1946, New York Knickerbockers wakiwafunga Toronto Huskies 68 kwa 66. Mwaka 1949 iliungana na ligi pinzani ya NBL na kuchukua jina la NBA ikiwa na timu 17, lakini timu za miji midogo zilianguka moja baada ya nyingine, na kufikia msimu wa 1954-55 zilibaki nane tu. Mchezo wenyewe pia ulikuwa ukichosha, kwa kuwa timu iliyotangulia iliweza kuushikilia mpira ilivyotaka. Tarehe 22 Novemba 1950 Fort Wayne Pistons waliwashinda Minneapolis Lakers 19 kwa 18. Mwaka 1954 Danny Biasone, mmiliki wa timu ya Syracuse, aliishawishi ligi kuweka saa ya kurusha mpira ndani ya sekunde 24. Hesabu yake ilikuwa rahisi: mchezo una sekunde 2,880, na mchezo mzuri ulikuwa na mirusho kama 120 ya timu zote mbili. Ninapowafundisha vijana wangu kwenye uwanja usio na saa hiyo, nahesabu kwa sauti kutoka kando, na kila mara naona jinsi mchezo unavyobadilika papo hapo.

Jezi halisi za enzi hizo hazitokei Memorial. Zinazotokea ni za kuanzia miaka ya 1990, hasa za Champion, zenye kitambaa cha matundu madogo na namba za kuchapwa ambazo kwa kawaida zimeanza kupasuka katikati. Mangi huziuza kwa bei ya mezani, nami nawashauri wanunuzi wasizidharau. Miongoni mwake hupatikana za Charlotte Hornets, timu iliyoingia ligini mwaka 1988 pamoja na Miami Heat, mwaka mmoja kabla ya Minnesota na Orlando. Na za Toronto na Vancouver, zilizoingia pamoja mwaka 1995 wakati ligi ilipoamua kuvuka tena mpaka kwenda Kanada. Ile ya Vancouver Grizzlies yenye rangi ya bahari ni nzuri kuliko zote ninazozijua, na hupatikana kwa nadra, kwani timu hiyo ilihamia Memphis mwaka 2001.

Memphis kwetu Watanzania si jina la kupita. Mwaka 2009 Memphis Grizzlies walimchagua Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam aliyecheza Chuo Kikuu cha Connecticut, akiwa wa pili katika drafti, yaani zamu za timu kuchagua wachezaji wapya, ambamo kwa kawaida timu dhaifu hutangulia, nyuma ya Blake Griffin na mbele ya James Harden na Stephen Curry. Hakuna Mtanzania mwingine aliyekuwa amecheza NBA kabla yake. Wateja wengi wa kibanda hiki humuulizia Mangi jezi ya Thabeet, na kila anapoipata haikai kwenye waya hadi jioni. Wengi wao humkumbuka kwa urefu wake na kwa lawama zilizomwandama baadaye, lakini ni wachache wanaojua kwamba safari yake inaonyesha vizuri sehemu nyingine ya mfumo huo. Februari 2010 Memphis walimpeleka Dakota Wizards, timu ya ligi ya maendeleo, na wakati huo hakuna mchezaji aliyechaguliwa juu kama yeye aliyekuwa amewahi kupelekwa huko. Ligi hiyo ilianzishwa mwaka 2001 ikiwa na timu nane, zote za kusini mashariki mwa Marekani, na kwenda kwake kulichukuliwa na watu wengi kama aibu. Leo ligi hiyohiyo, inayoitwa G League tangu 2017, ina timu 31. Kila moja ya timu 30 za NBA ina timu yake huko, na ya ziada ni ya Mexico City. Mchezaji chipukizi huenda na kurudi bila mtu kumnyooshea kidole, na tangu 2017 kuna mikataba inayomruhusu kuzitumikia timu zote mbili kwa msimu mmoja. Ninaamini kwamba kama Thabeet angezaliwa miaka kumi baadaye, angepokewa na ligi iliyo tayari kumsubiri.

Jezi nyingine inayorudi mara kwa mara kwenye waya ni ya New Jersey Nets, nyeupe au ya samawati iliyokolea, mara nyingi yenye jina la Jason Kidd na namba 5. Timu hiyo ilihamia Brooklyn mwaka 2012, kwa hiyo jezi zake za zamani zilimwagika kwenye mitumba. Mwanzo wake, hata hivyo, haukuwa NBA. Ilizaliwa mwaka 1967 ndani ya ABA, ligi pinzani iliyotumia mpira wa rangi nyekundu, nyeupe na buluu na kuhesabu pointi tatu kwa mrusho wa mbali. Ligi hizo mbili ziligombania wachezaji kwa miaka tisa, mishahara ikapanda, na mwaka 1976 timu nne za ABA, yaani Nets, Denver Nuggets, Indiana Pacers na San Antonio Spurs, zikapokelewa NBA. Wamiliki wa timu ya St. Louis iliyoachwa nje walikubali kuvunja timu yao kwa sharti la kugawiwa sehemu ya saba ya mapato ya televisheni ya kila moja ya timu hizo nne. Wakati ule mapato hayo yalikuwa madogo, hivyo hakuna aliyeona kuwa ni jambo kubwa. Mwaka 2014 ligi ililazimika kuwalipa dola milioni 500 ili kuumaliza karibu mkataba wote. NBA ilichukua pia wazo la pointi tatu, ikaanza kulitumia msimu wa 1979-80, na kila kijana anayerusha kutoka mbali leo katika viwanja vya shule za Moshi anacheza mchezo wa ligi iliyokufa.

Nimekaa kwenye mapato ya televisheni kwa sababu hapo ndipo ulipo moyo wa mabadiliko yote. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 fainali zilikuwa zikirekodiwa na kuonyeshwa usiku wa manane. Mchezo wa sita wa fainali za 1980, ambao Magic Johnson wa Lakers aliumaliza na ubingwa akiwa mgeni ligini, Wamarekani wengi waliuona ukiwa umekwisha. Msimu wa 1984-85 wamiliki na wachezaji walikubaliana kuwa na kikomo cha mishahara, kilichoanza na dola milioni 3.6 kwa timu, na mwaka 1985 ikaja bahati nasibu ya drafti ili timu zisishindwe makusudi kwa kutamani chaguo la kwanza. Kikomo hicho kilifikia zaidi ya dola milioni 140 msimu wa 2024-25, na mkataba mpya wa matangazo ulioanza msimu wa 2025-26 una thamani ya dola bilioni 76 kwa miaka 11. Ligi ilifika huko kwa kuwalazimisha wenye nguvu kugawana na wanyonge.

Biashara hiyo inasomeka pia kwenye kitambaa, na hapa mnunuzi anaweza kujikinga na jezi bandia. Nembo ya NBA, ile yenye kivuli cha mchezaji anayekokota mpira, ilibuniwa mwaka 1969 na Alan Siegel, na kwa miaka mingi ilikaa kifuani. Kuanzia msimu wa 2014-15 ilihamishiwa nyuma ya shingo. Jezi yenye mistari ya Adidas na jina la mchezaji aliyeanza kucheza mwaka 2018 ni bandia, hata mshono ukiwa mzuri namna gani, kwa sababu Adidas iliondoka mwaka 2017 na Nike ikaingia. Kabla ya mwaka huo nembo ya mtengenezaji haikuonekana kwenye jezi walizochezea wachezaji uwanjani, ni kwenye zile za kuuzwa tu. Nike ndiyo iliyoruhusiwa kwanza. Msimu huohuo timu zilianza kuuza nafasi ya tangazo begani, kipande cha kama sentimita sita kwa sita, na ndipo Golden State Warriors walipovaa nembo ya Rakuten. Zile za mikono mifupi, ambazo vijana wengi huzikataa wakidhani ni fulana za mazoezi, ni halali kabisa: Warriors walizianzisha Februari 2013 na zikaachwa Nike ilipochukua kazi.

Kasoro za kibanda hiki zipo, na nyingine ni kubwa. Mangi anajua mshono lakini hajui miaka, kwa hiyo jezi bandia iliyoshonwa vizuri huitundika kwenye waya pamoja na halisi na kuiuza kwa bei moja, akiapa kwamba zote ni orijino. Simtuhumu kwa udanganyifu. Namwona anaamini anachosema, ila anayeumia ni mteja. Mwanga ni hafifu, kwa sababu makoti ya wapagazi wa mlimani, yanayompa fedha nyingi zaidi msimu wa watalii, yametundikwa upande wa jua, hivyo inabidi mtu aombe kutoka na jezi nje ili aone doa au kupauka. Hakuna kioo wala pa kujaribia. Na hatoi risiti ya maana: niliponunua jezi za timu nzima aliniandikia kwenye karatasi ya daftari, mhasibu wa shule akaikataa, na fedha hizo zikabaki kuwa mchango wangu. Anayenunua kwa niaba ya shule au taasisi alimalize jambo hilo kabla ya kutoa pesa.

Kuna kitu kimoja ambacho sikilaumu kwa kibanda lakini ninakikosa kila ninapofika pale, nacho ni jezi ya klabu ya Kiafrika. Ligi ya Kikapu ya Afrika, BAL, iliyoundwa na NBA kwa kushirikiana na FIBA, shirikisho la kikapu la kimataifa, ilianza Kigali Mei 2021 ikiwa na timu 12, na kufikia 2025 ilikuwa imewapata mabingwa kutoka Misri, Tunisia, Angola na Libya: Zamalek, US Monastir, Al Ahly, Petro de Luanda na Al Ahli Tripoli. Yenyewe imechagua njia tofauti na ya wakubwa wake, kwani klabu huingia kwa kuwa bingwa wa nchi yake au kwa kupita mchujo, si kwa kununua nafasi, na hapo ndipo ninapoipenda zaidi. Vijana wangu wanaweza kutaja wachezaji watano wa Boston bila kusita na hawawezi kumtaja mmoja wa Petro. Mangi anasema angeziuza kama zingekuja kwenye belo, na hilo ni kweli, lakini mitumba huleta kilichovaliwa kwa wingi kwingine, na jezi hizo bado hazijatengenezwa kwa wingi wa kuwafikia hata wanaozitaka zikiwa mpya.

Kwa anayekwenda kununua, ningeshauri afike asubuhi siku belo inapofunguliwa, ambayo Mangi huitaja kwa simu ukimwachia namba, na aanze na rundo la chini kabla ya kuinua macho kwenye waya, maana jezi ya Charlotte Bobcats niliyoipenda kuliko zote, ya timu iliyodumu kwa jina hilo kuanzia 2004 hadi 2014, ilikuwa humo kwa sababu ya tundu dogo kwapani. Ukubwa wa Kimarekani ni mpana mno kwa vijana wetu wa sekondari, kwa hiyo weka bajeti ya fundi cherehani. Wapo hatua chache kutoka hapo na hupunguza ubavu wakati ukisubiri. Mwambie apunguze kuanzia mshono wa kulia, asiguse pindo la kushoto, kwani lebo ya mtengenezaji iko huko, na jezi iliyopoteza lebo hiyo Mangi mwenyewe hatakubali kuipokea ukitaka kubadilishana naye msimu unaofuata.